Bibi wa Nje Anafungasha

Pil-sun alikuwa anakaanga dagaa wa safari ambayo yeye haendi. Ni wale dagaa wadogo kabisa, wanaokaangwa kwa asali na ufuta mpaka washikamane, na alikuwa akiwageuza kwa mwiko kwa hasira kiasi kwamba nusu yao walikatika vichwa. Hakujali. Watakaowala ni watu wa Daejeon, mji wa wakwe wa binti yake, na watu wa Daejeon waache wale dagaa wasio na vichwa.

Kesho asubuhi binti yake Su-gyeong, mkwewe Tae-ung na mjukuu wake Dan-bi wanakwenda pwani ya mashariki. Mama yake Tae-ung anatimiza miaka sabini, na badala ya kufanya sherehe ukumbini kama watu wengine, ameamua familia yote ikapumzike baharini. Nyumba ya wageni imeshapangwa, ina jiko na madirisha yanayotazama maji. Mwenyewe ametangulia tangu jana pamoja na mumewe, ati akakague kama magodoro ni masafi.

Dan-bi ana miaka mitano. Pil-sun ndiye aliyemlea tangu mama yake aliporudi kazini, naye akahamia jengo wanaloishi wao, ghorofa mbili chini, ili awe karibu. Ndiye aliyemfundisha kushika vijiti vya kulia. Ndiye anayesimama juani kulisubiri basi la chekechea. Ndiye anayejua kwamba mtoto huyu hali uyoga mpaka ukatwekatwe usionekane. Na pamoja na yote hayo, yeye ni bibi wa nje. Ndivyo anavyoitwa bibi mzaa mama, hata kama ndiye anayemwogesha mtoto kila siku ya Mungu. Yule wa Daejeon, anayemwona mtoto kwenye sikukuu ya mwaka mpya na ile ya mavuno, ndiye bibi mwenyewe, bibi wa ukoo. Pil-sun alikuwa amelizoea neno hilo kama mtu anavyokizoea kiatu kinachobana. Mwezi huu wa nane kilikuwa kimeanza kumtoa malengelenge.

Tusimsingizie mtu, alikaribishwa. Mama yake Tae-ung alimpigia simu kwa heshima zote akamwambia, "Mkwe, na wewe ungekuja tufurahi pamoja." Pil-sun akajibu kama anavyopaswa kujibu mtu aliyelelewa vizuri: "Aa, mkwe, mimi nitawabana bure, nendeni ninyi." Kila mtu anajua mambo yanavyokwenda baada ya hapo. Unasihiwa mara ya pili, unakataa kwa sauti ndogo zaidi. Unasihiwa mara ya tatu, unasema haya basi kama mnanilazimisha. Pil-sun alikuwa ameshaanza kuifikiria kofia atakayovaa. Mama yake Tae-ung akasema, "Haya basi, mkwe, tutakuletea ngisi wakavu," na simu ikakatwa.

Ngisi wakavu! Wiki nzima Pil-sun alikuwa akizungumza na ngisi hao kichwani mwake.

Su-gyeong alirudi kutoka kazini akakuta sebule yake haina pa kukanyaga. Kulikuwa na sanduku la barafu, mkeka wa kutandika mchangani, mwavuli mkubwa, taulo, dawa ya mbu, na mabakuli ya plastiki yamepangwa kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye kochi. Alivua viatu akaanza kufunua vifuniko, na harufu ya mboga zilizochachushwa kwa pilipili ikajaa sebuleni.

"Mama, hii nini?"

"Kimchi."

"Na hii?"

"Kimchi ya figili. Hiyo ya kwanza ni ya kabichi."

"Mama, ni siku tatu tu. Halafu mama mkwe ametengeneza ya kwake."

"Najua ametengeneza. Kwani mimi nimetengeneza kwa sababu gani?"

Su-gyeong alicheka, akajitupa sakafuni kati ya mabakuli. Alikuwa mwanamke mchovu mwenye kucheka haraka, na vita hivi alikuwa amevizoea. Tangu alipoolewa, mabakuli ya plastiki yalikuwa yakisafiri baina ya mama yake na mama wa mumewe, na hakuna hata moja lililowahi kurudi tupu. Likienda na dagaa, linarudi na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa soya. Likienda na nyama, linarudi na kaa waliolowekwa. Katikati yuko yeye na friji yake isiyofunga vizuri.

"Ninyi mmoja wenu atakuja kuniua kwa chakula," alisema. "Toa hii figili, mama. Gari halina nafasi."

"Mtoe mtu mmoja basi, nafasi itapatikana."

"Mama."

"Nimesema nini? Nimetania."

Hakuwa anatania, na Su-gyeong alijua, ndiyo maana figili ilibaki.

Hapo ndipo Dan-bi alipotoka chumbani. Alikuwa amevaa vazi la kuogelea la manjano, lenye marinda kiunoni, na kiunoni hapohapo amejivisha boya lenye kichwa cha bata. Vyote vilikuwa vimeletwa na msafirishaji asubuhi kutoka Daejeon, ndani ya boksi lenye utepe, na tangu boksi lifunguliwe mtoto hakukubali kuvivua. Alikula chakula cha mchana na bata kiunoni. Chini kabisa kwenye begi lake kulikuwa na vazi jingine, la bluu iliyoiva, lenye mikono mirefu, ambalo Pil-sun alilinunua sokoni baada ya kubishana na muuzaji mpaka jasho likamtoka. Alilichukua kubwa kidogo ili livaliwe na mwaka ujao. Dan-bi alikuwa amelitazama mara moja akasema ni la wavulana.

"Bibi, niangalie."

"Nimekuona. Utatoka vipele na hilo plastiki."

"Bibi wa Daejeon amesema atanifundisha kuelea. Ukilegea unaelea. Na amesema tutalala godoro moja, mimi na yeye tu, baba na mama walale kule."

"Godoro moja?"

"Ananisimulia hadithi mpaka nilale. Ana hadithi nyingi, Bibi. Kuliko zako."

Mtoto hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatoa taarifa tu. Lakini Pil-sun alishikwa na wivu. Kila mchana Dan-bi hulala pembeni yake, mguu mmoja juu ya tumbo lake. Aliuona mguu ule juu ya tumbo la mwanamke mwingine, mwanamke anayepaka nywele rangi kila mwezi na kunukia manukato, na akajikuta anabana kifuniko cha bakuli mpaka kikalia. Akamchukia mtu mzima mwenzake aliyemfanyia kosa gani? La kupenda mjukuu. Alilijua hilo vizuri sana, na kulijua hakukumpunguzia chochote.

Su-gyeong alibeba mwavuli na mkeka akashuka navyo kwenye maegesho. Pil-sun alibaki akiosha figili za mwisho. Dan-bi alikuja na bata wake akasimama karibu na sinki.

"Dan-bi, unajua baharini kuna nani?"

"Samaki."

"Na nani mwingine?"

"Kaa. Na pweza."

"Na mzimu wa majini," Pil-sun alisema.

Kila bibi nchini mwao amewahi kumtisha mtoto kwa mzimu huyo. Kiangazi ndio msimu wake, na kazi yake ni kuwazuia watoto wasiende kwenye kina kirefu. Unamtaja kidogo, mtoto anapiga kelele, mnacheka, mnaendelea na matikiti. Pil-sun hakumtaja kidogo. Alimpa nywele ndefu zinazofanana na mwani, ili mtu akiuona mwani asijue kama ni mwani. Alimpa subira ya kukaa chini kabisa siku nzima akihesabu miguu inayopita juu yake. Akasema miguu anayoipenda kuliko yote ni ile midogo, ambayo haijawahi kuingia baharini.

"Anaishika hapa," alisema, akainama akamshika mtoto kifundo cha mguu kwa vidole vilivyokuwa vimetoka kwenye maji ya baridi.

Dan-bi alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Na mtu akishikwa anarudi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema anarudi, mbona bibi yako alirudi, acha ujinga, nipe hilo taulo. Pil-sun aliiona nafasi hiyo, akaiacha ipite. Aligeuka akaanza kulifunga bakuli kwenye kitambaa, akikaza fundo kwa makini sana.

Baada ya muda mtoto alirudi akiwa na gauni lake la nyumbani. Vazi la manjano alikuwa amelishika mkononi, na bata amemwacha chumbani.

"Linabana," alisema.

"Nilijua litabana," Pil-sun alijibu. Alilipokea, akalikunja vizuri, na jioni ile alikula wali wake wote mpaka punje ya mwisho.

Asubuhi alipanda ghorofa mbili akiwa amebeba chupa ya chai ya shayiri kwa ajili ya njiani. Tae-ung alikuwa amesimama kwenye korido na sanduku la barafu begani, jasho linamtoka kabla jua halijawa kali. Ni kijana mpole, mnene kidogo, anayemwogopa mama mkwe wake kwa kiasi kinachofaa.

"Mama, afadhali umekuja," alisema. "Dan-bi hataki kwenda."

"Hataki?"

"Amejifungia chooni. Na tukichelewa saa moja tu tutakwama kwenye foleni mpaka usiku."

Niseme ukweli kuhusu Pil-sun, kwa sababu mwenyewe asingeusema. Moyo wake uliruka kwa furaha. Alijifanya kushangaa, akaiweka chupa ya chai chini, akavua viatu polepole, na kila hatua aliyopiga kuelekea chooni ilikuwa tamu. Su-gyeong alikuwa amepiga magoti mlangoni, kofia ya jua kichwani, akibembeleza na kutishia kwa zamu.

"Dan-bi, Bibi amekuja," alisema.

Kitasa kilizunguka haraka. Mtoto alitoka mbio, akampita mama yake, akamkumbatia Pil-sun miguu yote miwili. "Ninabaki na Bibi," alisema, uso ameuficha kwenye sketi ya bibi yake. "Mimi ninabaki na Bibi."

Miaka mitano Pil-sun alikuwa hajawahi kuambiwa neno tamu kama hilo. Aliuweka mkono wake juu ya kichwa kile kidogo. Alishafika mbali kimawazo: siku tatu wao wawili, tikiti maji, feni, katuni. Alishaanza hata kuitengeneza sentensi atakayomwambia mkwe mwenzake kwa simu, sentensi ya adabu, yenye pole nyingi.

Lakini simu ilikuwa tayari imepigwa. Tae-ung alikuwa ameitoa ili amwambie mama yake kwamba watachelewa, na kwa kuwa alikuwa na sanduku begani aliiweka kwenye kipaza sauti.

"Dan-bi wangu yuko wapi?" Sauti ya mama yake ilijaa korido nzima, na nyuma yake mawimbi yalisikika. "Mwambie maji yamepata joto. Nimeshamtandikia godoro, upande wa dirishani."

"Mama, tumepata shida kidogo, mtoto—"

"Sitaki kuja kwako!" Dan-bi alipiga kelele bila kuinua uso. "Sitaki! Sitaki!"

Pil-sun aliusubiri ule utamu uongezeke.

"Basi msimlazimishe," sauti ilisema. Ilikuwa imekonda. "Si kosa lake. Mtoto hujua anayemlea. Mimi ni mgeni kwake, nitamlaumu kwa lipi? Mwachieni mkwe, kwa mkwe atatulia." Akajaribu kucheka. "Hata sijui nilikuwa nimefikiria nini, na godoro langu."

Ndiyo sauti ileile iliyoahidi ngisi wakavu. Lakini Pil-sun alimjua mtu anayecheka hivyo. Alikuwa amecheka hivyohivyo mwenyewe, wiki iliyopita, baada ya simu kukatwa.

"Haya," Su-gyeong alisema huku akiivua kofia, "abaki. Sisi twende tukamsalimie mama, turudi kesho."

"Hapana!" Dan-bi alimwachia Pil-sun akamrukia mama yake, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mama asiende! Baba asiende! Atawashika miguu, atawavuta chini, hamtarudi!" Sasa alikuwa analia kweli, kile kilio kisicho na sauti mwanzoni, mdomo wazi, kifua kinapanda. "Nani atawashika?" Tae-ung aliuliza, na mtoto akasema, "Mwenye nywele."

Su-gyeong aliinua macho akamtazama mama yake. Hakuwa anacheka.

"Mama. Umemwambia nini?"

Pil-sun alihisi uso unamuwaka. Aliyemtaka mtoto huyu abaki alikuwa yeye, na sasa mtoto alikuwa amesimama mbele yake akidhani atakuwa yatima kabla ya chakula cha jioni. Alichuchumaa, magoti yakalia.

"Dan-bi, sikiliza. Hakuna mzimu. Bibi alikuwa anatania."

Mtoto alitikisa kichwa.

"Ni uongo, mwanangu. Nilitunga."

"Bibi hadanganyi," Dan-bi alisema kati ya kwikwi. "Wewe ndiye ulisema. Mama anadanganya kidogo, baba anadanganya kidogo, Bibi hadanganyi."

Kweli alikuwa amesema hivyo, siku fulani, akijipandisha juu ya wazazi. Tae-ung alikuwa ameshusha sanduku chini, na simu mkononi mwake ilikuwa bado haijakatwa. Upande ule mtu alikuwa anapumua. Pil-sun akatambua kwamba mzimu aliyemleta hawezi kumfukuza. Anaweza tu kumtafutia mtu wa kumtisha, na mtu huyo ni mmoja tu aliyeko kule ufukweni. Neno lilikataa kutoka, akalisukuma.

"Haya, nitakuambia jambo ambalo jana sikulimalizia," alisema. "Yule mzimu kuna mtu anamwogopa."

Kwikwi zilipungua. "Nani?"

"Bibi yako wa Daejeon."

Dan-bi alimkazia macho.

"Unadhani kazaliwa Daejeon yule? Kazaliwa kulekule ufukweni. Mama yake alikuwa akipiga mbizi kuchukua chaza, na yeye akifuata nyuma akiwa mdogo kama wewe. Mzimu akimwona anakimbia. Ukimshika mkono bibi yule, hakugusi. Hamgusi mama wala baba. Hathubutu."

"Hata usiku?"

"Usiku lala naye karibu. Umbane kabisa."

"Niweke mguu juu yake?"

Su-gyeong alikuwa amegeuka kutazama ukuta. "Weka," Pil-sun alisema. "Weka mguu juu yake."

Mtoto alifikiri, akajifuta kamasi kwa mkono. "Ana nguvu kukushinda wewe?"

"Kunishinda."

"Sana?"

"Sana, mwanangu."

Basi, mambo yakaenda mbio kama yanavyokwenda kwa watoto. Dan-bi alikwenda mwenyewe chumbani, akarudi na boya lake. Alitaka vazi la manjano alivae sasa hivi, ndani ya gari. Alimnyang'anya baba yake simu, akasema, "Bibi, nisubiri hapohapo, usiende popote," na upande wa pili ukajibu kwa sauti iliyovunjika kwamba hauendi popote, kisha ukaongeza taratibu, "Mkwe, asante," na Pil-sun akajifanya hakusikia kwa sababu alikuwa anahangaika na fundo la kitambaa ambalo halikuwa limelegea.

Walibeba vitu mpaka kwenye lifti. Su-gyeong alipita karibu naye na begi, akasema chini chini, "Tutaongea nikirudi," halafu akamrekebishia ukosi wa blauzi, kwa ukali, kama anavyomfanyia Dan-bi. Sanduku la barafu liliingia, mabakuli yakaingia, figili ikaingia. Tae-ung alibonyeza kitufe. Dan-bi, bata kiunoni, alimtazama bibi yake aliyebaki koridoni na viatu vya ndani, na uso wake ukaingiwa na wasiwasi mpya.

"Bibi, na wewe mzimu anakuogopa?"

"Mimi? Haniogopi hata kidogo. Mimi hata kuogelea sijui."

Dan-bi aliitikia kwa kichwa, kama mtu mzima aliyepata jibu alilolitarajia.

"Basi wewe usije," alisema. "Baki hapa."

"Nitabaki," Pil-sun alisema, na milango ya lifti ikafungwa.